Gramu Mia Nne

Wale wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Leo sina sauti ya kufika mlangoni, na sitaki mtu aseme baadaye kwamba hakusikia.

Alikuwapo mpiga makasia mmoja. Msimtafute kwenye simu zenu, hamtampata, nimemtunga mwenyewe jana mchana nikiwa nimekaa na daftari tupu. Lakini msikilizeni kama mtu mnayemjua, kwa sababu kabla sijamaliza nitawauliza swali juu yake, na nitataka mjibu.

Mtu huyu alizaliwa katika nchi kavu, kijiji ambacho mtu mzima alioga ndoo moja, tena nusu yake alimwachia mdogo wake. Kuogelea hakujua. Alipofika miaka kumi na tisa akapata ufadhili wa masomo, akapelekwa nchi ya mbali yenye mito mikubwa. Hosteli yake ilikuwa kando ya mto, na kila asubuhi akipiga mswaki dirishani aliwaona vijana wa chuo wakivuta makasia katika boti nyembamba, boti ambayo mtu akipiga chafya inataka kupinduka. Siku moja wakapungukiwa mtu, wakamwita yeye. Mwaka wa kwanza alianguka majini mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja walimvuta kwa jaketi la kuokolea huku wanacheka. Mwaka wa nne hapakuwa na kijana wa kumkaribia katika mto ule wote.

Nchi ile ikamtazama vizuri, ikamwita ofisini, ikampa pasi yake ya kusafiria. Akaapa. Akajifunza wimbo wa taifa lao mpaka ubeti wa tatu, ambao wenyeji wenyewe huwa wanatikisa midomo tu. Akavaa jezi yenye bendera yao, na akapewa mwenzake wa kuvuta naye boti moja, kijana mzaliwa wa pale, mtu wa miraba minne, mpole, asiye na ugomvi na yeyote. Boti yao ilikuwa ya watu wawili. Kwa miaka minane waliivuta pamoja, wakaipa nchi medali baada ya medali. Wakishinda, redio ya pale ilisema "mtu wetu." Wakishindwa, redio ile ile ilisema "yule aliyetoka nje." Mnacheka nini? Mnadhani redio ile haishiki mawimbi hapa kwetu?

Sasa lazima niwaeleze sheria ya mchezo wao, na ni fupi. Wao walishindana katika kundi la wepesi. Asubuhi ya mashindano, kabla ya kugusa maji, wote wawili wanapanda mizani, mmoja baada ya mwingine. Hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kuzidi kilo sabini na mbili na nusu. Na wakijumlishwa wawili, wasizidi kilo mia moja na arobaini. Hiyo jumla ishikeni: mia moja na arobaini. Ikizidi hata kidogo, boti haiingii majini, wawe mabingwa, wawe nani.

Kwa hiyo mtu wetu aliishi na njaa. Wanafunzi wenzake wakila wali na kuku, yeye ana yai moja na chai ya rangi. Harusi za watu alifika sahani zikiwa zimeshaondolewa, ili asimtie mwenye nyumba aibu kwa kukataa. Binti mmoja wa pale alimpenda sana, mwishowe akamwacha. Alisema hawezi kuolewa na mtu anayekula kwa macho. Yote hayo aliyameza, kwa sababu nchi ilikuwa imempa nafasi, na yeye hakutaka ije ionekane ilikosea.

Mwaka wa nane mashindano makubwa kuliko yote yakapelekwa, mnajua wapi? Nchi aliyozaliwa. Walikuwa wamejenga bwawa la umeme, refu, limenyooka, maji yametulia. Akarudi kwao kwa mara ya kwanza, akiwa amevaa bendera ya wengine. Na siku moja kabla ya mbio, alasiri, mlinzi wa kambi akamfuata: kuna mama langoni, amekuja na basi la tangu jana, anasema hatoki mpaka akuone.

Walinzi walimzuia mama asiingie. Basi wakakaa nje kwenye benchi la walinzi. Mama akafungua kitenge, ndani mna magimbi ya kuchemsha, bado laini, na maziwa mgando katika kibuyu alichokipakata njia nzima.

"Kula, baba," mama akasema.

"Mama, kesho asubuhi napimwa."

"Unaumwa nini?"

"Siumwi. Napimwa uzito. Tukizidi, haturuhusiwi kushindana."

Mama akamshika mkono hapa, juu ya kiwiko, akauzungusha kama anayechagua kuku sokoni. Miaka kumi na miwili hakuwa amemtia mwanawe machoni.

"Uzidi?" akasema. "Uzidi kwa kitu gani? Hiyo nchi uliyokwenda, hawana macho?"

Kijana akatazama chini. Mama hakumlazimisha, na hapo ndipo pagumu, maana mama akikulazimisha unaweza kugombana naye. Mama alikaa tu na chakula chake mapajani. Kijana akala magimbi mawili. Akanywa kikombe kimoja cha maziwa, akamshukuru, akamsindikiza mpaka kituoni. Ndugu zangu, katika maisha yake yote ya kuvuta makasia, huo ndio mlo pekee alioula bila kuupima.

Asubuhi saa mbili wakapanda mizani. Mwandishi wa mizani, aliyesafiri na timu yao kila mwaka, alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na daftari kubwa. Aliandika namba ya kwanza, akaandika ya pili, akajumlisha, akainua kichwa.

"Mmezidi gramu mia nne," akasema. "Mizani inafungwa saa tatu kamili."

Gramu mia nne ni nini? Ni bilauri mbili za maji. Kocha akawageukia wote wawili.

"Nani amekula?"

"Mimi," mtu wetu akasema. "Nimekula kwa mama."

Hakuficha. Kocha akamtupia makoti mawili na koti la mvua. Nchi ya mama yake ni ya joto, mnaijua, inafanana na hapa mwezi wa kumi na mbili. Akavaa yote, akaanza kukimbia kuzunguka maegesho ya magari ili jasho limtoke. Akakimbia dakika arobaini. Mwenzake alikaa kivulini, hana hili wala lile, amenyoosha miguu ili asichoke kabla ya mbio. Ilipobaki robo saa, mtu wetu akarudi kwenye mizani, akapimwa. Gramu mia tatu zilikuwa zimetoka. Mia moja imebaki, na midomo yake imekauka, hana tena jasho la kutoa. Akamfuata mwenzake pale kivulini.

"Ndugu yangu, imebaki gramu mia tu. Vaa koti, tukimbie pamoja dakika kumi. Wewe bado una maji mwilini, itatoka."

Mwenzake akamtazama bila hasira yoyote. "Mimi nimepima kama ninavyopima siku zote," akasema. "Zilizozidi ni zako."

Saa tatu mizani ikafungwa. Boti yao ikabaki imefunikwa turubai, na wengine wakashindana.

Habari zikafika nyumbani, nyumbani kwa mujibu wa pasi, kabla wao hawajafika. Wapiga simu wa redioni wakamchambua kutwa nzima. Mmoja akasema, tumempa uraia, naye katulipa magimbi. Mwingine akasema hakula kwa bahati mbaya, alikula makusudi, alitaka nchi ya mama yake ishinde. Mwingine, mtu mzima kabisa, akasema: mimi nilisema tangu zamani, hawa watu hata ukikaa nao miaka mia, moyo uko kwao. Chama cha makasia kikamwita mbele ya kamati. Kulikuwa na jambo moja la kuamua: avuliwe jezi, asiivae tena mpaka kufa kwake, au abaki.

Hapo ndipo ninapowauliza swali langu. Ninyi ndio kamati. Mmesikia yote: alijua sheria, alijua kesho ni mizani, akala, boti ikazuiwa, mwenzake asiye na kosa akapoteza miaka minane ya mazoezi. Nani anasema avuliwe jezi? Nyoosheni mikono. Msiogope, ni hadithi tu.

Naam. Naona. Wazee wa usharika, wote isipokuwa mmoja. Kwaya, karibu nusu. Akina mama kule dirishani mnasitasita kwa sababu ya yule mama wa magimbi, lakini nayo mikono naiona. Vizuri. Mikono ibaki juu, msiishushe, namalizia.

Kamati ile nayo ilikuwa tayari kunyoosha mikono. Lakini mwenyekiti alikuwa mtu wa taratibu, akataka uzito uingie kwenye kumbukumbu kama ulivyoandikwa. Yule mama wa mizani akaitwa na daftari lake.

"Soma," mwenyekiti akasema.

"Jumla, kilo mia moja arobaini na gramu mia nne."

"Jumla tunaijua. Soma ya kila mmoja."

Akashusha miwani. "Wa kwanza, kilo sabini na mbili na gramu mia moja. Wa pili, kilo sitini na nane na gramu mia tatu."

"Aliyekula magimbi ni yupi?"

"Wa pili," mama akasema. "Wa sitini na nane."

Naona mikono inashuka yenyewe.

Kilo mia moja na arobaini ukizigawa kwa watu wawili ni sabini sabini, mtoto wa darasa la tatu anajua. Yule aliyekula, akiwa amekwisha kula, magimbi yake mawili yakiwa tumboni, bado alikuwa chini ya fungu lake kwa kilo moja na gramu mia saba. Aliyekaa kivulini, aliyesema zilizozidi ni zako, ndiye aliyekuwa juu ya sabini kwa kilo mbili na ushei. Mwenyekiti akamwambia mama afungue kurasa za nyuma. Akasoma mwaka uliotangulia, na uliotangulia huo, mpaka wa kwanza. Kila mwaka namba ya mzaliwa ilikuwa sabini na mbili, na kila mwaka namba ya yule mwingine ilikuwa sitini na saba na kitu. Miaka minane kamati ilikuwa inaletewa jumla, inagonga muhuri, inakwenda kunywa chai. Hakuna aliyeuliza jumla hiyo inatoka mwilini mwa nani.

Mwenyekiti akamgeukia mtu wetu.

"Kwa nini hukusema?"

"Mwaka wa kwanza kocha aliniambia, mwenzako ana mwili mkubwa, na hapa ni kwao. Wewe ndiye uliyekuja, punguza wewe." Akaongeza, "Nikaona ni haki. Nilidhani ni kwa mwaka ule wa kwanza tu."

Mfano wangu unaishia hapo. Mnataka kujua kama walimwachia jezi? Sijui. Sikutunga. Nilifika pale nikaweka kalamu chini, kwa sababu niliona kwamba kamati ile haiko nchi ya mbali. Ilikaa hapa, katika ofisi ya usharika, juzi Ijumaa, kuanzia saa tisa hadi saa kumi kasoro dakika ishirini, na mimi ndiye niliyeiongoza.

Mama Yeremia leo hayupo kanisani. Mnajua alipo, amekaa mkekani nyumbani kwake, kwa sababu mumewe alifariki Jumanne na bado yuko mochwari. Alhamisi alituma ombi, karatasi moja, ameiandika mwanawe: anaomba sehemu ya kumzika mumewe katika makaburi ya usharika. Tukakaa. Tukasema ardhi ya makaburi imebaki kidogo. Tukasema familia za hapa zitangulie. Na mzee mmoja, sitamtaja, naye ananitazama sasa hivi, akauliza swali ambalo sote tulilisubiri: kwani hawa hawana kwao? Tukaamua wamsafirishe. Tukajiona wakarimu tulipoongeza kwamba usharika utasaidia gari.

Kwao ni safari ya siku mbili. Walitoka huko miaka ishirini na miwili iliyopita, na hakuna aliyebaki wa kuwapokea hata na beseni la maji. Lakini hilo hatukuliuliza. Tuliangalia jumla.

Sasa tusome ya kila mmoja. Ninyi mliofiwa katika usharika huu, na ni wengi: siku ya msiba wenu, nani alikuwa jikoni kabla jua halijatoka, akipepeta mchele wa watu mia tatu? Mlipomlaza mama yenu kaburini, nani hakumwona akishuka kwa sababu alikuwa akigeuza ugali wenu? Mara ya kwanza alisaidia kwa sababu alikuwa mgeni na alitaka tumjue. Hiyo ni sawa, mgeni hujitambulisha hivyo. Lakini huu ni mwaka wa ishirini na mbili. Tulimzoea pale kwenye moshi. Na mumewe, kila tulipopanga zamu ya kulinda kanisa sikukuu, ya Krismasi ilikuwa yake, kwa sababu tulisema yeye hana ukoo mkubwa wa kusherehekea nao. Hivi ukoo wake ulikuwa nani, kama si sisi?

Wamejipunguza kwa ajili yetu miaka yote hiyo. Tumenenepa sisi. Na siku moja tu, moja, walipotaka kitu chao, udongo wa futi sita, tumewaambia wamezidi.

Mimi naona aibu. Nasema hivyo wazi kwa sababu barua ya kukataa ina muhuri, na muhuri ule ulitoka kwenye droo yangu, kwa mkono huu. Sikulazimishwa. Nilikuwa nimechoka na nilitaka kikao kiishe.

Najua tutasema nini tukitoka. Tutasema mchungaji katuaibisha mbele za watu. Tutasema angetuita pembeni. Tutasema utaratibu ni utaratibu, na kama kila mtu akizikwa hapa, sisi tutazikwa wapi. Mkiyasema hayo, semeni kwa sauti, na mseme mkiwa mmesimama mbele ya mkeka wa yule mama. Mimi kama ningeweza kuyasema pale, leo ningehubiri kitu kingine.

Barua ile nimeifuata jana jioni, nimeichukua mikononi mwake, nimemwambia mumewe atazikwa hapa kesho saa nane mchana. Kikao kipya sikuitisha. Wazee, mnaweza kunishtaki kwa askofu, na mna haki hiyo kabisa. Anwani yake iko ubaoni pale ofisini.

Kuna jambo moja limebaki. Baada ya ibada sitasimama mlangoni kuwapa mikono. Nitavua joho, nitakwenda makaburini, upande wa juu, kando ya wazazi wetu, nitaanza kuchimba. Udongo wa pale mnaujua, una mawe, na mimi nina miaka sitini na moja. Peke yangu sitamaliza kabla ya kesho. Akina mama, kesho alfajiri jiko la msiba litakuwa nyumbani kwa Mama Yeremia, na safari hii yeye asishike hata mwiko.

Tusimame tuombe. Sala itakuwa fupi, ili wenye majembe wapate muda wa kwenda kuyachukua.